Superior Drummer 3 kwenye kupandanisha sauti za dramu: maoni yangu baada ya kuikalia vizuri

Nianze na jibu kabla ya maelezo, maana najua wengi mnashuka chini moja kwa moja kutafuta inafaa au haifai. Kama kazi yako ni kutengeneza dramu ambazo msikilizaji aamini kuna mtu amekaa nyuma ya seti anapiga, na wakati huohuo unataka kuongeza uzito au ukali kwa kubandika sauti nyingine juu yake, basi Superior Drummer 3 ndo programu niliyoikubali kuliko zote nilizozigusa. Ila kama wewe ni mtu wa biti za mashine tupu, kiki (ngoma kubwa ya mguu) ya 808, ile mashine ya dramu ya Roland, makofi na haihati (simbali mbili za kufunga na kufungua kwa mguu) za kukimbia, usijisumbue, sampo zako za WAV (mafaili ya sauti zilizorekodiwa) na programu yako ya kurekodia zinatosha kabisa na hukosi kitu. Naongelea upande mmoja tu hapa, kupandanisha sauti, midundo ya MIDI (maelekezo ya noti gani ipigwe na kwa nguvu gani, sio sauti yenyewe) inayokuja nayo na kile kipengele cha kutafuta mdundo kwa kugonga sitavigusa, vina watu wake.

Kwa asiyeijua, inatengenezwa na Toontrack, kampuni ya Uswidi, na hili toleo la 3 lilitoka 2017. Sauti zake kuu zilirekodiwa na George Massenburg, injinia mkongwe wa Marekani, huyuhuyu aliyeandika kuhusu ikwalaiza ya parametriki (ya kupandisha au kushusha sehemu ya sauti unayoichagua mwenyewe, chini au juu) mwaka 1972, na leo kila mtu anazungusha vitufe vya ikwalaiza ya namna hiyo bila kujua imetoka wapi. Walirekodi Galaxy Studios kule Mol, Ubelgiji. Mzigo wote unapita GB 230, ndani kuna seti 7, snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini) 25, kiki 16, na juu ya hapo kuna sauti zaidi ya 350 za mashine za dramu. Hizo za mashine watu wengi wanazipita tu bila kuzifungua na mimi naona ndo hazina yenyewe kwa mtu wa kupandanisha, nitarudi hapo.

Usiogope hiyo GB 230, huhitaji kuiweka yote. Unaweza kuweka sehemu ya msingi peke yake ambayo ni kama GB 40 hivi, nyingine ni maiki za ziada za chumba na za sauti ya kuzunguka, na kama unamiksi stereo ya kawaida nyingi ya hizo hutazigusa. Ila hata hiyo ya msingi iweke kwenye SSD tafadhali, diski ya kuzunguka itakuweka unasubiri kila unapobadilisha snea, na ukiwa unatafuta sauti ya kupandanisha unabadilisha snea kila dakika, usubiri huo unakutoa kwenye mudi kabisa.

Sasa kupandanisha kwenyewe. Nimeona watu wanachukua kiki tatu nzuri, wanaziweka pamoja, wanashangaa kwa nini imetoka kiki moja mbaya. Sababu ni kwamba zote tatu zinafanya kazi ileile mahali palepale. Kiki ina kazi kama mbili tatu hivi: kuna uzito wa chini kwenye 50 hadi 80 Hz, kuna mwili hapo juu kidogo, halafu kuna ule mlio wa kirungu cha pedali kugusa ngozi, huo uko kwenye 2 hadi 5 kHz na ndo unaofanya kiki isikike kwenye spika ya simu. Ukichagua sauti ya kubandika jiulize kwanza sauti ya kwanza imekosa nini kati ya hivyo. Kama haijakosa kitu, acha. Sauti mbili zenye kazi tofauti zinashinda sauti nne zinazofanana, kila mara, na ya tatu inabidi iwe na sababu unayoweza kuitamka kwa sentensi moja.

Kwenye Superior unafanya hivi: unachagua kiki kwenye picha ya seti, unaiongezea chombo kingine kwenye rundo lake, chombo hicho kinaweza kutoka maktaba yoyote ya Toontrack uliyonayo, au mashine, au faili lako mwenyewe la WAV. Noti ileile ya MIDI inapiga vyote. Hapo hamna muujiza, hata Drum Rack, kifaa cha dramu ndani ya programu ya kurekodia ya Ableton Live, inafanya hivyo. Tofauti inaanzia kwenye vitu unavyopewa kwa kila kimoja ndani ya rundo, kila sauti ina pichi yake, ina mkunjo wake wa sauti kuanza na kuisha, ina mpangilio wake wa velositi (nguvu ya pigo), na ina njia yake kwenye miksa. Yaani humlazimishi mmoja kufuata tabia ya mwenzake.

Mfano ninaoupenda na ninaourudia sana: kiki ya akustiki inayosikika vizuri lakini haina tumbo, na chini yake kiki ya mashine aina ya 808. Kwanza nakata ya mashine kule juu kwa ikwalaiza, ibaki chini ya 100 Hz tu au karibu na hapo, maana ule mlio wake wa kuanza siutaki, mlio wa kuanza ni kazi ya kirungu. Halafu ile ya akustiki naipunguza chini ya 60 Hz kidogo, siiui, napunguza tu. Kisha pichi, na hapa watu wengi wanaruka. Kiki ya mashine ya aina hii ni noti kabisa, ina urefu wa kutosha sikio kuisikia kama noti, kwa hiyo kama wimbo uko kwenye A ukaiacha inalia kati ya A na G, besi na kiki zitakuwa zinagombana wimbo mzima na utadhani tatizo ni miksi. A ya chini ni 55 Hz, G ni 49 Hz, E ni kama 41 Hz. E kwenye spika ndogo haisikiki kabisa, kwa hiyo wimbo ukiwa kwenye E mara nyingi naipandisha kiki hadi B, 62 Hz hivi, inakaa vizuri na E na watu wanaisikia. Mwisho naifupisha kwa ule mkunjo wa sauti ili iishe kabla kiki inayofuata haijapigwa, kama tempo ni ya haraka naifupisha zaidi. Kazi imeisha, na kiki ya akustiki bado inapumua kama kiki ya akustiki.

Kisha fezi, yaani kama mawimbi ya sauti mbili yanapanda na kushuka pamoja au yanapingana. Hii haikwepeki na hakuna programu itakayokukwepesha. Wimbi la 50 Hz linachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja, maana yake ukiwa na sauti mbili za 50 Hz na moja imechelewa milisekunde 10, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, sawa na watu wawili waliobeba meza kila mmoja anaenda upande wake. Kwenye 100 Hz milisekunde 5 tu zinatosha kukuharibia. Unaweka sauti ya pili na badala ya kiki kunenepa inakonda, na mtu anaongeza volyumu, inakonda kwa volyumu kubwa zaidi. Miksa ya Superior ina kitufe cha kugeuza fezi kwenye chaneli, kibonyeze kwanza, sikiliza chini, upande wenye uzito zaidi ndo upande wako. Kama pande zote mbili hazijakaa sawa basi tatizo ni muda, na hapo mimi natoa sauti zote mbili kama mafaili ya audio, kila moja peke yake, naziangalia kwa ukaribu kwenye programu ya kurekodia mpaka naona wimbi la kwanza la kila moja linapoanza kupanda. Kwa 44.1 kHz milisekunde moja ni sampo 44 (hapa sampo ni kipimo kimoja cha wimbi, sio faili la sauti), kwa hiyo kusogeza sampo 20 au 30 si kitu cha kudharau hata kidogo. Superior inaweza kutoa kila maiki kama faili lake, hiki kipengele peke yake kimeniokolea muda mwingi sana.

Ila angalizo hapo, usianze kupangilia maiki za chumba. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, maiki iliyo mita 3 kutoka kwenye kiki inapokea sauti milisekunde karibu 9 baadaye, na kuchelewa huko ndo chumba chenyewe, ndo kinachoambia sikio lako kwamba kuna nafasi pale. Ukiisogeza ifike pamoja na maiki ya karibu umebomoa chumba. Panga za karibu, za mbali ziache zilivyo.

Nimefika kwenye snea na hapa ndo Superior inanifurahisha kweli.

Snea haipigwi kwa nguvu moja. Mpigaji anapiga lile pigo kuu kwenye 2 na 4, halafu katikati anaweka mapigo madogo madogo ya chinichini, yanasikika kidogo sana lakini yakitoka mdundo unakufa. Ukichukua snea hiyo ukaibandika makofi au snea ya mashine bila kufikiri, kila pigo dogo litakuja na makofi yake madogo, matokeo yake ni kelele tu, kama kuna mtu anapiga makofi kwa wasiwasi nyuma ya seti. Dawa ni velositi. MIDI inahesabu nguvu ya pigo kutoka 1 hadi 127, na Superior inakuruhusu kuweka geti kwenye kila chombo, kwamba wewe usilie mpaka nguvu ifike namba fulani. Mapigo ya chinichini mara nyingi yako 20 hadi 45, mapigo makuu 105 kwenda juu, kwa hiyo geti la makofi naliweka 95 hivi na tatizo limekwisha, mapigo madogo yanabaki snea tupu, na nyaya zake za chini zinasikika, na pigo kuu linakuja na mzigo wake wote.

Sasa geti lina ubaya wake, ni mlango wa kufunga au kufungua tu. Pigo la 94 halina kitu, pigo la 96 lina makofi kamili, na mpigaji anapopandisha nguvu polepole kuelekea korasi unasikia pale yanapoingia. Kwa hiyo silitumii peke yake. Nauchukua ule mchoro wa velositi wa sauti ya juu nauvuta chini ili hata baada ya geti kufunguka ianze na sauti ndogo, ifike kamili kwenye 120 huko. Sikiliza mpigo unaopanda kutoka 80 hadi 127 ukiwa umeweka hivyo, snea inazidi kukasirika yenyewe, husikii sauti mbili, unasikia snea moja inayobadilika tabia kadri inavyopigwa. Hiki ndo kitu ninachokitafuta kwenye kupandanisha na programu nyingi za dramu hazikupi nafasi ya kufika hapa bila kuzunguka sana.

Na chini ya hiyo kuna jambo jingine. Snea za maktaba zimerekodiwa kwa nguvu nyingi tofauti, na kwa nguvu moja kuna mapigo kadhaa tofauti yanayopokezana, ndo maana ukipiga mfululizo haisikiki kama bunduki. Sampo yako moja ya WAV haina hicho, ni pigo moja linalorudiwa, kinachobadilika ni ukubwa wa sauti tu. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba sauti ya maktaba ndo iongoze na WAV ifuate chini, sio kinyume. Ukiifanya WAV iwe kubwa kuliko snea yenyewe umelipia maktaba ya GB nyingi halafu unasikiliza faili moja.

Kipande cha makofi pia kisogeze nyuma kidogo, milisekunde 5 au hata 10 baada ya snea. Huku juu fezi haiumi kama kule chini, na kuchelewa kidogo kunaipa snea nafasi ya kugonga kwanza halafu makofi yanaitanua. Ukiyaweka pamoja kabisa yanaila ile ncha ya mwanzo.

Ukishamaliza kupandanisha, zima na washa ile sauti ya juu ukiwa umesawazisha ukubwa. Sauti mbili zinazofanana zikijumlika vizuri zinaongeza hadi dB 6, na sikio likipewa kitu kikubwa zaidi linasema kizuri zaidi bila kufikiria. Shusha rundo zima lilingane na snea ya mwanzo ndo ulinganishe, mara nyingi utagundua uliongeza volyumu tu hukuongeza kitu kingine.

Halafu kuna hili la maiki, ambalo kwangu ndo tofauti kubwa kabisa kati ya programu hii na kubandika sampo kwenye traki. Snea inapopigwa chumbani haiingii kwenye maiki yake peke yake, inaingia kwenye maiki za juu, maiki za chumba, hadi maiki ya kiki inaisikia kwa mbali. Superior imerekodi hiyo michanganyiko na unaweza kuamua kwa kila ngoma inaingia kiasi gani kwenye kila maiki. Kwa hiyo ukipandanisha snea mbili za maktaba zote mbili zinaingia kwenye chumba kimoja, maiki za juu zinazisikia zote, na sikio linaamini ni kitu kimoja. Ukileta WAV kutoka nje haina chumba, inakaa mbele ya seti kama imegandishwa na gundi. Hapo una njia mbili tatu. Unaweza kuituma kwenye riverbu (mwangwi wa chumba wa kutengenezwa) fupi inayokaribiana na chumba cha seti, sekunde nusu hivi au chini, kidogo tu. Unaweza pia kuzipeleka zote mbili kwenye chaneli moja ya pamoja na kuzipitisha kwenye kompresa moja (kifaa cha kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), zikibanwa pamoja zinashikana. Au, na hii ndo naipendelea, usilete WAV kutoka nje, chukua snea ya pili ndani ya maktaba, ipandishe pichi, ifupishe mpaka ibaki mlio mfupi mkavu, ubandike hiyo. Inafanya kazi ileile ya WAV na chumba tayari kinacho.

Nilisema nitarudi kwenye zile sauti za mashine. Hizo nazo hazina chumba, ni kavu, lakini kwa kupandanisha chini, kule kwenye sabu (sauti za chini kabisa), ukavu ndo tunautaka. Chumba kwenye 50 Hz kinaleta tope tu. Kwa hiyo mpango wangu wa jumla ni huu, chini nachukua mashine, katikati na juu nachukua ngoma ya kweli. Mashine zimekuwepo hapo toka zamani, Roland TR-808 na LM-1 ya Roger Linn zote ni za 1980, 808 ilikuwa inatengeneza sauti kwa umeme na LM-1 ndo mashine ya kwanza kutumia sampo za ngoma halisi za kidijitali, halafu 1983 ikaja TR-909 ambayo kiki na snea zake ni za umeme lakini haihati na simbali ni sampo. Kuchanganya kitu cha umeme na kitu cha kweli sio fasheni ya juzi, mashine yenyewe ilishafanya hivyo zamani.

Haihati usizipandanishe. Sijasikia haihati iliyopandanishwa ambayo sikutamani ingeachwa moja. Zinasumbuana kule juu, inatoka ile sauti ya kusuasua, na haihati ya maktaba hii ina viwango vingi vya kufungua na kufunga ambavyo sampo yako haiwezi kuvifuata. Kama imekosa kitu badilisha haihati. Simbali hivyohivyo, isipokuwa krashi mbili kwa pamoja kwenye mwanzo wa korasi, na hiyo ni kwa sababu mpigaji wa kweli naye anapiga mbili, moja kwa kila mkono. Tomu (zile ngoma nyingine za seti zisizo na nyaya) zinakubali kidogo, sauti fupi ya chini chini yake ikipangwa pichi sawa, basi.

Kuna kipengele kinaitwa Tracker na watu wa kurekodi dramu za kweli msikipite. Unaweka rekodi ya dramu zako, kila maiki na faili lake, inasikiliza inakutengenezea MIDI, ikiwa na nguvu za mapigo. Hapo unaweza kubaki na dramu ulizorekodi na chini yake ukapandanisha snea ya maktaba kwa kufuata mapigo halisi ya mpigaji, na zile geti za velositi nilizosema zinafanya kazi vilevile. Kwa snea iliyorekodiwa vizuri inayakamata mapigo makubwa karibu yote, yale madogo ya chinichini lazima upitie kwa mkono kwa sababu haihati iliyoingia kwenye maiki ya snea inafanana nayo sana, hilo litakuwepo kwa programu yoyote ile. Ukimaliza rudi kwenye fezi, kwa sababu sasa unachanganya rekodi na maktaba na hazijawahi kukutana, geuza kitufe, sogeza sampo, usiliache.

Mapungufu yapo. Kubwa ni uzito. Kila chombo unachoongeza kwenye rundo kinakuja na maiki zake zote, na kila maiki ina sampo zake zinazopakiwa kwenye RAM. Rundo la snea mbili zenye maiki kamili si snea mbili, ni mafaili mengi sana. RAM ya GB 8 itafanya kazi ukiwa makini, GB 16 ndo unaanza kufanya kazi kwa raha ukiwa na vinanda na vitu vingine kwenye mradi. Kuna mpangilio wa kupakia sampo kwa bit 16 badala ya 24 na kuna mpangilio wa kupakia zile tu zinazopigwa, tumia vyote viwili wakati unatunga na urudishe kamili wakati wa kutoa. Na zima maiki usizozihitaji kwa kila sauti ya kupandanisha, kama snea ya pili unaitaka kwa mlio wake wa juu tu basi mpe maiki moja ya juu ya snea na maiki za chumba, ya chini yake ya nini.

Lingine ni kwamba haikuongozi. Imejaa vitu, efekti 35, visanduku vya mipangilio upande wa kulia kwa kila ngoma, njia za miksa, na hakuna mahali itakuambia sauti hizi mbili zinapingana fezi. Mtu mpya atafungua priseti (mpangilio uliohifadhiwa tayari) iliyotengenezwa vizuri, atabandika kiki yake juu, na kwa sababu priseti tayari ina sauti zilizopandanishwa na kompresa ndani yake atakuwa anapandanisha juu ya iliyopandanishwa bila kujua. Ushauri wangu anza na seti tupu isiyo na efekti yoyote, pandanisha hapo, efekti baadaye.

Na kama unapiga kwa dramu za umeme moja kwa moja kuwa makini na ucheleweshaji. Bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kabla ya kukitoa) ya sampo 128 kwa 44.1 kHz ni karibu milisekunde 3 kabla hujahesabu kitu kingine, hiyo inavumilika. Marundo makubwa yakikulazimisha upandishe bafa hadi 512 unafika milisekunde 11 na zaidi na mkono unaanza kuhisi. Piga na sauti moja moja, rekodi MIDI, pandanisha baadaye.

Ukilinganisha na nyingine, Addictive Drums 2 ya XLN Audio, nao ni wa Uswidi, ni nyepesi na inatoa sauti iliyokwisha kupikwa haraka sana, una nafasi 18 za vipande kwenye seti, lakini haikuruhusu kuingiza sampo zako mwenyewe, kwa hiyo kwenye kupandanisha unabaki na vilivyomo au unafanya nje kwenye traki nyingine. Kwa mtunzi anayetaka dramu nzuri ndani ya dakika kumi naipendekeza bila kusita, na ukitoa kila ngoma kwenye chaneli yake unaweza kupandanisha ndani ya programu ya kurekodia na ukapata matokeo ya maana. Steven Slate Drums 5 inapokea WAV zako na sauti zake zimeshabanwa na kung'arishwa, kwa roki na metali ni kali, ila kwa sababu tayari zimepikwa sana zina nafasi ndogo ya kupokea kitu juu, ukibandika kingine vinajazana. Na ina toleo la bure, kwa mtu anayeanza kujifunza kupandanisha hilo toleo na sampo chache za kiki ni shule tosha.

Drum Rack ya Ableton Live haina chumba wala maiki lakini kwa kasi ya kupandanisha sampo kavu hakuna kinachoifikia, unaburuta tu, kila mnyororo (njia ya sauti moja ndani yake) una safu yake ya velositi, na tofauti na geti la kufungua na kufunga, safu zake unaweza kuzififisha pembeni zikaingia taratibu. Hicho ni kitu ningependa kukiona kwenye Superior, geti lenye kingo laini, ingepunguza kazi ya kuchezea michoro ya velositi.

Kwa hiyo mimi naipa nane na nusu juu ya kumi kwa kazi hii ya kupandanisha, na nusu ya zile pointi zimetoka kwenye maiki na chumba. Ukishapata rundo unalolipenda lihifadhi kama priseti yako kabla hujaendelea na wimbo, kiki na mwenzake, pichi, geti, fezi, vyote vinaingia, na ipe jina lenye noti ya kiki ya chini, kwa mfano kiki akustiki na sabu A, maana wimbo unaofuata ukiwa kwenye D utajua mara moja nini cha kubadilisha.